Mawimbi ya mshtuko kwa maumivu ya moyo: uzoefu wangu, kutoka Kigoma hadi India

Niseme mapema haya yanamhusu nani. Kama kifua kinakubana na hujawahi kupigwa picha ya mishipa ya moyo, tiba hii bado si yako. Ni ya mtu anayemeza dawa zake zote, ameshaambiwa mishipa yake haizibuliki kwa stenti (kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi) wala haifai kwa upasuaji, na bado anaumia. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Ni mama wa biashara, nauza dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi. Sukari ninayo miaka mingi. Kifua kilianza kunibana nikipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, mwishowe kikawa kinabana hata nikitandika kitanda. Hospitali ya Maweni wakanipa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, wakapiga picha. Daktari akanionyesha kwenye skrini: "Mama, tatizo lako haliko sehemu moja. Mishipa imesinyaa kote, mpaka kwenye ncha." Stenti inahitaji mahali pa kuikaza, na upasuaji unahitaji mshipa mzima wa kuunganishia. Kwangu vyote viwili havikupatikana. Walinipangia dawa vizuri, nikapata nafuu, lakini mlima wa Mwanga ukabaki kuwa wa kupandwa na wengine.

Mwanangu ndiye aliyesikia habari za mawimbi ya mshtuko. Ukoo ukachanga, tukaenda India.

Watu wengi wakisikia jina hilo wanadhani unapigwa shoti ya umeme. Hapana. Ni mawimbi ya sauti yenye msukumo mkali, jamaa ya yale yanayovunja mawe ya figo bila kupasua, tiba iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1980 huko Munich, Ujerumani. Kwa moyo nguvu inapunguzwa hadi karibu sehemu moja ya kumi. Profesa Hiroaki Shimokawa na wenzake nchini Japani walionyesha kwa nguruwe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, kwamba msukumo huo mdogo unaiamsha misuli ya moyo iliyokosa damu iote vijishipa vipya. Kwa hiyo mshipa mkubwa ulioziba unabaki vilevile. Kinachotafutwa ni njia ndogondogo za pembeni, kama wenye bodaboda wanavyopita vichochoroni barabara kuu ikifungwa.

Siku ya tiba unalala chali, unabandikwa nyaya za kusoma mapigo ya moyo, unapakwa jeli kifuani. Kwanza wanatafuta kwa ultrasaundi ile sehemu ya moyo yenye njaa ya damu. Kisha kichwa cha mashine, chenye mfuko laini wa maji mbele yake, kinagandamizwa hapo. Mashine inasubiri pigo la moyo ndipo ipige, tiki, tiki, ili isiuvuruge mwendo wa moyo. Hakuna sindano ya usingizi wala kisu. Nilihisi kama kidole kinanigonga kwa ndani, na karibu na ubavu kilikuwa kinauma kidogo. Nikimaliza, naamka, navaa kitenge changu, natoka kwa miguu. Kwa upande huo sina lawama yoyote, na wauguzi walikuwa wapole mno kwa mtu asiyejua lugha yao.

Lawama yangu ni kwa wakala aliyetupangia safari. Alituambia wiki moja inatosha. Tulipofika tukakuta utaratibu wa hospitali ile ni mara tatu katika wiki ya kwanza, mara tatu wiki ya tano, mara tatu wiki ya tisa. Ukikaa unalipa chumba na chakula, ukirudi nyumbani unalipa ndege upya. Tulikaa. Pesa ya kuishi ikazidi pesa ya mashine, na bima yangu haikutoa hata shilingi. Jambo hili liliniumiza, kwa sababu wapo watakaokatisha katikati kwa kuishiwa.

Matokeo hayakuja papo hapo. Niliporudi Kigoma nilikuwa vilevile, hata mdogo wangu akaanza kuuliza pesa ya ukoo imekwenda wapi. Miezi ilivyosonga nikaanza kuona tofauti. Leo napanda Mwanga, polepole, nikisimama mara moja kwenye kivuli cha mwembe. Vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana nilikuwa navimaliza kabla ya wakati, sasa navitupa kwa kuwa muda wake umepita. Bado kifua kinanikumbusha nikila ugali mwingi kisha nikanyanyua mzigo. Asprini, dawa ya kolesteroli, ya presha na ya sukari nazimeza zote kama zamani, maana ugonjwa wenyewe haujaondoka.

Daktari wa India hakunificha kwamba tafiti zilizopo nyingi ni za wagonjwa wachache, na wapo wasiopata nafuu. Alisema pia kwamba mwenye bonge la damu ndani ya moyo hafanyiwi, na mwenye mapafu yanayoziba picha ya ultrasaundi huenda akakataliwa. Jambo jingine alilolisisitiza sana: maumivu mapya, au yanayokuja umekaa tu na hayaachi, hayo ni ya kukimbizwa hospitali ya karibu saa hiyohiyo. Usiyasubirishie mashine ya nchi nyingine.

Ukiamua kwenda, ongea kwanza na daktari wako wa moyo wa hapa, ndiye atakayekupokea ukirudi. Omba CD ya picha za mishipa yako, siyo karatasi ya majibu peke yake, uitume kabla ya kukata tiketi. Waulize waandike ni wiki ngapi kwa jumla, gharama ya kila awamu, na kama ukiugua katikati pesa inarudi. Sisi tuliyauliza hayo tukiwa tumeshafika.