Nyama ya soya: ya sambusa ndiyo, ya kuchoma hapana

Mtu akiacha nyama kwa kumhurumia mnyama, swali la kwanza jikoni ni moja: sasa mchuzi utiwe nini? Jibu la bei nafuu liko kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi, na siku hizi hata dukani kwa Mangi: nyama ya soya, vile vipande vikavu vyepesi kama sponji, ambavyo Wasabato wengi na Wahindi wasiokula nyama wamekuwa wakivipika kwa miaka mingi. Hapa tunavipima vile visivyotiwa ladha, vikubwa vya mchuzi na vidogo vya kima.

Soya hukamuliwa mafuta kwanza. Mashudu yanayobaki husagwa, unga ukachanganywa na maji na kusukumwa ndani ya bomba la moto lenye shinikizo kubwa. Ukitokea upande wa pili, mvuke hufumka ghafla na kuacha matundu, kama bisi. Ukielewa matundu hayo umeshaelewa mapishi yote: kipande hakina ladha yake, kinabeba kile ulichokinywesha. Kwa lishe, gramu 100 kavu zina protini karibu gramu 50, ilhali nyama mbichi ya ng'ombe ya uzito huo ina kama gramu 20. Kwa hiyo usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Nusu kilo ya vipande vikavu, ikishalowa, inakuwa kilo moja na nusu hivi, na ni sufuria mbili tatu za familia.

Wengi waliovionja wakavichukia walipikiwa vibaya. Kosa kubwa ni kuvitupia vikavu kwenye mchuzi: vinakunywa maji na chumvi yote, rojo linakauka, na ile harufu ya maharage mabichi inabaki ndani. Fanya hivi. Chemsha lita moja ya maji yenye kijiko cha chai cha chumvi, tia gramu 100 za vipande vikubwa, acha vichemke dakika 8 hadi 10. Mwaga maji hayo, usiyahifadhi kwa supu, ndiyo yenye harufu. Suuza kwa maji baridi, kamua kwa viganja hadi yasitoke tena, suuza mara ya pili, kamua tena. Kukamua ndiko kunakofungua nafasi ya viungo kuingia, na asiyekamua atapata sponji yenye maji ndani na masala nje. Hata tumbo kujaa gesi hupungua ukisuuza vizuri. Kima chake hakihitaji kuchemshwa: kimwagie maji ya moto, funika dakika 5, kamua kwa kitambaa. Ukikichemsha kinakuwa uji.

Baada ya hapo tia kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na chumvi kidogo, acha nusu saa, ndipo ukaange kwa mafuta hadi kingo ziwe kahawia. Ukikaanga vikiwa na maji, mafuta yatakurukia. Rojo la nyanya au tui zito vitie mwishoni, dakika 10 zinatosha.

Sasa hukumu. Kwenye sambusa kima cha soya kinashinda, maana pilipili manga, bizari, kitunguu na giligilani ndivyo vilivyokuwa vikisema hata zamani. Mchuzi wa nazi unafaa sana. Pilau ni nusu kwa nusu: viungo vinabeba, lakini supu ya mifupa haipo, kwa hiyo kaanga vitunguu hadi viive rangi kabisa, na ongeza mafuta kidogo. Mishkaki ni kazi bure, vinakauka kabla ya kushika moshi. Na anayetafuta nyama choma asijidanganye. Hakuna mafuta ya kudondokea makaa, hakuna mfupa, hakuna kitu.

Tofauti hiyo, ya pale inapofaulu na pale inaposhindwa, ina uzito kimaadili kuliko inavyoonekana, kwa kuwa wengi huanza kwa kuacha nyama nyekundu na kuhamia kuku. Piga hesabu. Familia inayokula kilo moja ya ng'ombe kwa wiki inamaliza kilo 52 kwa mwaka, nusu ya ng'ombe mmoja wa kienyeji au pungufu. Ikihamia kuku wa kisasa wa kilo 1.3, kilo zile zile ni kuku 40, kila mmoja akiwa ameishi wiki 5 au 6 katika banda lililosongamana. Kisu kikali na kuchinja bila mnyama kumwona mwenziwe ni adabu kubwa, lakini inahusu dakika ya mwisho tu, haigusi hizo wiki sita. Na humo bandani analishwa nini? Mara nyingi mahindi pamoja na mashudu ya soya, mashudu yale yale yanayotengeneza vipande hivi. Kwa hiyo nyama ya soya iweke kwanza pale alipokuwa kuku, kwenye rosti na mchuzi wa kila siku, mahali inapofaulu. Choma ya sikukuu isubiri zamu yake.

Upande wa maziwa bidhaa hii haikusaidii, na hapo ndipo hoja ya maadili inapokuwa ngumu zaidi kumezwa. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa. Ndama jike atabaki, ndama dume wa Friesian anauzwa au kuchinjwa mapema kwa kuwa hana faida kwa mfugaji. Mgahawa wa Kihindi usio na nyama bado unapikia samli na jibini, hivyo uliza. Maziwa ya soya ya nyumbani yanawezekana: loweka kikombe cha soya saa 8, saga kwa maji yanayochemka ili harufu isitokee, chuja, chemsha dakika 20 ukikoroga maana yanafura upesi. Kwenye chai tia mwishoni, yakiwa ya moto na sufuria ikiwa imeepuliwa, la sivyo yatakatika.

Ukinunua, chagua rangi ya krimu hadi kahawia hafifu. Vyeusi vimeungua, vitakuwa vichungu. Vikinuka mafuta yaliyochacha, virudishe. Pakiti iliyoandikwa «ladha ya nyama» igeuze usome viambato: mara nyingi ni chumvi na viungo tu, lakini nyingine zina unga wa maziwa. Mwenye mzio wa soya asiguse kabisa. Vilivyopikwa vimalize ndani ya siku tatu, vikiwa kwenye friji.

Pungufu kubwa ya nyama ya soya ni vitamini B12: haimo. Aliyeacha nyama, mayai na maziwa vyote anywe kidonge, angalau mikrogramu 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki, na asingoje mikono ianze kufa ganzi. Madini ya chuma yamo, ila mwili huyachukua kwa shida. Kamulia ndimu mezani, na chai inywe saa moja baada ya chakula. Kalsiamu itafute kwenye sukuma wiki na ufuta. Mchicha unayo, lakini huishikilia na mwili hauipati.