Mashine ya oksijeni ya lita 10 kwenye hewa ya chumvi: NewLife Intensity 10 kwa wodi za Tanga

Ile gololi inayoelea kwenye mrija wa plastiki mbele ya mashine ya oksijeni inasema jambo moja tu: hewa inapita lita ngapi kwa dakika. Haisemi ndani ya hewa hiyo mna oksijeni kiasi gani. Mashine iliyochoka inaweza kuunguruma vizuri kabisa, gololi ikatulia kwenye 5, huku mgonjwa anapuliziwa hewa isiyopishana sana na ile inayoingia dirishani. Ndiyo maana tathmini hii ya NewLife Intensity 10, ya kampuni ya AirSep ya Marekani, haiishii kwenye mashine yenyewe. Inagusa pia vitu vinavyopaswa kununuliwa nayo siku hiyohiyo, hasa kwa hospitali, vituo vya afya na wodi za watoto za ukanda huu wa pwani, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani na Muheza.

Kwanza inavyofanya kazi, kwa sababu matatizo yake yote yanaanzia hapo. Hewa tunayovuta ina naitrojeni takriban asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kompresa inaisukuma hewa hiyo ndani ya mitungi miwili iliyojaa chembe za zeolaiti. Kwa msukumo huo zeolaiti inainasa naitrojeni, oksijeni inapita. Baada ya sekunde chache vali inageuza zamu: mtungi wa pili unapokea hewa, wa kwanza unatema naitrojeni yake nje. Ule mlio wa "pshh" unaojirudia ndio huo. Kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, ikipanda au kushuka kwa 3. Si sawa na ya mtungi wa kujazwa kiwandani, inayofika 99.5, lakini Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa tiba.

Sifa kubwa ya Intensity 10 ni msukumo wa kutolea: kilopaskali 138 hivi. Mashine nyingi ndogo za lita 5 zinatoa karibu 55 au chini ya hapo. Tofauti hii inaonekana pale unapotaka kugawia watoto watatu au wanne kutoka mashine moja, au kupitisha mpira mrefu hadi kitanda cha mbali. Lakini isichukuliwe kuwa ni mbadala wa kila kitu. Mashine ya kupumulia ya chumba cha wagonjwa mahututi huhitaji kilopaskali 400 hivi, na hapo utahitaji mitungi au mtambo. Vilevile maski yenye mfuko wa akiba, ile ya mgonjwa aliyezidiwa, hutaka lita 10 hadi 15 kwa dakika. Hii inaishia 10. Mfuko ukiwa unajikunja wote kila mgonjwa akivuta pumzi, lita hazitoshi.

Udhaifu wake wa kwanza uko kwenye karatasi ya maelezo yake yenyewe: kipimo kinaanzia lita 2. Mtoto mchanga anahitaji nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, na mtoto wa chini ya mwaka lita 1 hadi 2. Kwa hiyo wodi ya watoto isiinunue peke yake. Inunuliwe pamoja na kigawio chenye vipimo vidogo, kile cha stendi yenye flomita (mirija ya gololi ya kupimia mtiririko) tano za kuanzia sifuri hadi lita 2, ambapo kila mtoto ana flomita yake na gololi yake. Wapo wanaojaribu kubana matumizi kwa kiungio cha matawi mawili kilichochomekwa kwenye mpira. Hapana. Hewa hufuata njia nyepesi: mtoto mwenye mrija uliokunjika au pua iliyoziba anapata kidogo, wa pili anamiminiwa, na hakuna gololi ya kukuambia. Kwa mtoto njiti kumiminiwa si neema. Oksijeni ya kupita kiasi huharibu mishipa ya macho yake, na wengine hupofuka.

Udhaifu wa pili ni uzito na kelele. Ina kilo 26 hivi. Magurudumu yapo, lakini ngazi ni shughuli ya watu wawili. Sauti yake inakaribia desibeli 58, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka 50 au pungufu. Iwekwe upande wa miguuni, isiwe kichwani mwa mgonjwa.

Sasa umeme. Inakula wati 600 hivi, yaani yuniti 0.6 za LUKU kwa saa na yuniti 14.4 ikiwashwa mchana na usiku. Linganisha na mtungi mkubwa wa lita 6,800: kwa lita 5 kwa dakika unakwisha baada ya dakika 1,360, sawa na saa 22 na dakika 40. Ukizingatia kujaza, gari na kubeba, mashine inashinda bila ubishi pale ambapo wagonjwa hawakosekani. Pale ambapo oksijeni hutumika mara mbili kwa mwezi, mtungi ni bora, kwa sababu nitakayoieleza kwenye unyevu.

Stebilaiza si ya hiari. Chagua ya kVA 1.5 kwenda juu, na jenereta isipungue kVA 2, maana kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishachanganya. Umeme ukikatika na kurudi hapohapo, zima mashine, subiri dakika tatu msukumo wa ndani ushuke, ndipo uwashe. Kompresa inayolazimishwa kuanza huku mitungi imejaa msukumo hukwama, na fyuzi huruka. Kengele ya umeme kukatika kwenye mashine nyingi za aina hii hutegemea betri ndogo ya volti 9. Ijaribu kila mwezi: mashine ikiwa inaunguruma, chomoa waya ukutani. Isipolia, badilisha betri.

Kibao cha nyuma kisomwe kabla ya kulipa: volti 230, hetsi 50. Mashine zilizotumika zinazotoka Marekani ni za volti 120 na hetsi 60. Transfoma itarekebisha volti, hetsi haiwezi. Mota itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, kompresa itapata joto, na oksijeni itashuka. Uliza pia kama kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kwenye unyevu ndipo Tanga inapotofautiana na Dodoma. Zeolaiti inapenda maji kuliko inavyopenda naitrojeni. Unyevu ukishaingia kwenye chembe zake haziachii kwa urahisi, na nafasi iliyokuwa ya naitrojeni imeshachukuliwa. Mashine inayofanya kazi kila siku hujikausha yenyewe kwa kiasi fulani. Ile iliyofungiwa stoo masika nzima, ikisubiri dharura, ndiyo inayokufa kimyakimya. Iwashwe kila wiki angalau nusu saa, mashine ikiwa kavu na filta ikiwa kavu. Matundu ya kutolea yazibwe kwa kifuniko inapohifadhiwa. Na hospitali zilizo juu ya bahari, kama pale Bombo au Raskazone, zisiiweke dirishani upande wa upepo: chumvi hula skrubu, feni na viungio vya umeme.

Filta ya nje ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni laini, isuuzwe, ikaushwe kabisa kivulini. Kosa linalorudiwa ni kuirudisha ikiwa mbichi kwa sababu mgonjwa anasubiri. Kila tone lililobaki humo linavutwa ndani. Dawa yake ni rahisi mno: nunua filta mbili, moja ikioshwa nyingine ifanye kazi. Acha nafasi ya sentimita 30 kila upande, na angalia chandarua na pazia, kwani vikinyonywa kwenye mdomo wa hewa mashine hukosa pumzi na kupata joto.

Kipimo cha usafi wa oksijeni ndicho kitu cha kwanza kati ya vitatu vya kununua nayo. Ulizia toleo la mashine lenye kihisi cha oksijeni ndani, kinachotoa tahadhari kiwango kinaposhuka (kwa mwongozo wa kimataifa, chini ya asilimia 82), lakini bado nunua kipimo cha mkononi. Vipo vya seli ya kemikali, ambayo huisha baada ya mwaka mmoja au miwili hata usipoitumia, na vipo vya mawimbi ya sauti visivyo na seli ya kubadilisha. Cha mawimbi ni ghali zaidi lakini kwa mikoani ndicho chenye maana.

Upimaji unakwenda hivi. Washa mashine iungurume dakika 10. Ondoa chupa ya maji, unganisha kipimo moja kwa moja kwenye tundu. Weka lita 10, subiri namba itulie, andika. Shusha hadi lita 5, subiri, andika tena. Namba kati ya 90 na 96 kote ni nzuri. Ikiwa kwa lita 5 unapata 93 na kwa lita 10 inaporomoka hadi 80, usikimbilie kulaumu zeolaiti. Anza na filta ya nje, kisha ya ndani, kisha viungio vinavyovuja, kisha kompresa. Zeolaiti ndiyo ghali, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kushukiwa. Wakati fundi vifaa tiba anasubiriwa, mashine hiyo bado inaweza kumhudumia mgonjwa wa lita 3, mradi karatasi ibandikwe juu yake: MWISHO LITA 5. Ikiwa chini ya 82 hata kwa lita 5, itolewe wodini.

Kuna pia kipimo kisicho na gharama. Tumbukiza ncha za mirija ya pua kwenye kikombe cha maji. Gololi iko juu lakini hakuna mapovu? Hewa inavuja njiani, na mara nyingi ni kifuniko cha chupa ya maji kilichofungwa upande. Gololi imeanguka? Mpira umekunjwa au umekaliwa na kitanda. Na chupa yenyewe, kwa mirija ya pua hadi lita 4, si lazima. Pua inafanya kazi hiyo. Chupa isiyobadilishwa maji kila siku inalea vijidudu kuliko inavyosaidia.

Cha pili ni oksimita, na isiwe moja kwa wodi nzima. Inapitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana kwenye kidole, halafu inakisia oksijeni ya damu. Neno ni kukisia. Kabla ya kuamini namba, linganisha mapigo inayoyaonyesha na yale unayohesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Yakitofautiana, namba ya oksijeni nayo itupwe. Huku kwetu kuna piko: kucha za bibi harusi au mzazi aliyepambwa huzuia mwanga, basi hamishia kifaa kwenye ndewe ya sikio ikiwa kihisi chake kinaruhusu, au kidole kisichopakwa. Kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto huvujisha mwanga, tumia cha kufunga mguuni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwa hiyo namba ya 91 kwa mgonjwa anayehema kwa shida isimtulize mtu. Na aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa anaweza kusoma 99 huku anakufa, kwa kuwa oksimita haiwezi kutofautisha oksijeni na ile gesi ya mkaa iliyoshika damu. Mpe oksijeni nyingi kadiri iwezekanavyo bila kuitazama namba.

Malengo yenyewe: mtu mzima 90 kwenda juu, na 94 kama yuko kwenye hali ya dharura; mjamzito 92 hadi 95; njiti 90 hadi 95, zaidi ya hapo punguza; mwenye mapafu yaliyoharibiwa kwa miaka na sigara au moshi 88 hadi 92. Maski ya kawaida isipewe chini ya lita 5, la sivyo mgonjwa anavuta tena hewa chafu aliyoitoa.

Cha tatu ni mtungi wa akiba wenye regyuleta yake (kile kifaa cha kupunguza msukumo), umeshafungwa, ufunguo umening'inizwa hapohapo. Mdogo wa lita 680 kwa lita 5 unakupa dakika 136. Nyuzi za regyuleta zisiguswe na mafuta yoyote, na mikono iliyotoka kupaka mafuta ya nazi ioshwe kwanza, kwa sababu oksijeni yenye msukumo mkubwa huyawasha mafuta bila kiberiti. Kwa pua iliyokauka tumia jeli ya maji. Chetezo cha udi, kinachoingizwa kwa nia njema chumba cha mzazi, kibaki nje. Vivyo hivyo jiko na sigara, mita 3 kwa uchache.

Kwa hayo matatu, Intensity 10 tunaipendekeza kwa wodi yenye wagonjwa kila siku na umeme unaoaminika. Zahanati yenye mgonjwa mmoja mmoja ichukue ya lita 5 na mtungi. Ikisafirishwa kwenda Pangani au kupandishwa Lushoto, isimame wima garini, isilazwe. Ikishushwa ipimwe kwa lita 10 mbele ya aliyeileta, na namba iliyopatikana iandikwe ubavuni pamoja na tarehe na saa za mita yake, ile inayohesabu muda iliofanya kazi, ndipo sahihi ya kupokea iwekwe.