Slaidi 12 za viungo vya uzazi: zipi zinafaa, zipi zilinikera

Kisanduku hiki cha slaidi za hadubini (vioo vyenye vipande vyembamba vya tishu) nilikiagiza Dar kwa shilingi 180,000, kikaletwa Mtwara kwa basi, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi wa utabibu. Ndani mna korodani, epididimisi (mrija unaohifadhi mbegu nyuma ya korodani), mrija wa mbegu, tezi dume, ovari mbili, mrija wa uzazi, mji wa mimba mbili, shingo ya kizazi, uke na kondo la nyuma. Rangi ni hematoksilini na eosini: viini vya seli vinatoka bluu ya zambarau, sehemu nyingi zilizobaki pinki.

Korodani peke yake inarudisha nusu ya hela. Tishu ilihifadhiwa kwa dawa ya Bouin, si formalini ya kawaida, ndiyo maana seli hazijasinyaa na kubanduka kwenye ukuta wa mirija midogo inayotengeneza mbegu. Kwa lenzi ya 40 (inayokuza mara 40) unaona spermatogonia, seli za mwanzo za mbegu, zimekaa ukutani, kisha spermatositi, hatua inayofuata, kubwa zenye nyuzi kiini kizima, halafu vichwa vya mbegu katikati. Seli za Sertoli, zinazolea mbegu, zitafute kwa kiini chake cheupe chenye kidoti kimoja cheusi. Za Leydig, zinazotoa homoni ya kiume, zipo kwenye pembe kati ya mirija. Mwanafunzi asishangae upande mmoja wa mrija ukiwa na mbegu zilizokomaa na upande wa pili hazipo: kwa binadamu hatua za ukuaji wa mbegu hukaa viraka viraka, si kama panya.

Ovari moja ni ya sungura, na imeandikwa hivyo. Sina ugomvi nayo. Ovari ya mama mtu mzima huwa na folikuli (vifuko vya mayai) chache, utatafuta mpaka macho yaume.

Ugomvi wangu uko kwenye mji wa mimba. Lebo zinasema moja ni ya kabla ya yai kutoka, nyingine ya baada, lakini zote mbili zina tezi zilizonyooka. Ya baada ilitakiwa tezi zijipinde kama meno ya msumeno. Shingo ya kizazi nayo imekatwa kwa upana, kwa hiyo ni seli bapa tupu. Pale zinapokutana na seli ndefu za ndani hapaonekani. Na hapo ndipo saratani huanzia mara nyingi, ndipo tunapopaka siki wakati wa kupima! Kisu kilipaswa kufuata urefu wa njia yake.

Slaidi ya tezi dume iligoma kuonekana vizuri kwa lenzi ya 40, ya 10 ikiwa safi kabisa. Kwanza hakikisha hujaigeuza juu chini. Ndilo kosa la kila siku. Hii yangu haikugeuzwa, ila kioo cha juu ni kinene, na lenzi hiyo imetengenezwa kwa kioo cha milimita 0.17.

Kwa unyevu wa pwani yetu, weka silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ndani ya kisanduku na ulaze slaidi, usizisimamishe, gundi inayoshika kioo cha juu isije ikatiririka. Lebo za karatasi zinabanduka, hivyo chora namba kwenye kioo kwa kalamu ya almasi. Mafuta ya lenzi ya 100 yafute kwa karatasi ya lenzi; zailini, kiyeyushi cha maabara, ikiingia pembeni inayeyusha gundi.

Ukiagiza, mwambie muuzaji akutumie kwanza picha ya shingo ya kizazi kwa lenzi ya 4. Usipoona mahali seli zinapobadilika, akutafutie nyingine kabla hujalipa.