Sala ya kukariri, au maneno ya mtoto mwenyewe?
Hapa Igombe, Mwanza, watoto hukariri Baba Yetu kabla hawajajua kusoma. Ina faida: hofu ikija usiku, maneno tayari yapo mdomoni. Lakini mtoto anaweza kuikimbiza huku macho yakiwa kwenye sahani ya sato, na Mathayo 6:7 inakataza kupayukapayuka, mistari miwili tu kabla ya sala hiyo kuanza.

Sala ya maneno yake husitasita. Baba yake akiwa ziwani kuvua dagaa, usiku usio na mbalamwezi, binti yangu alisema tu: "Mungu, upepo usivume, taa ya baba isizimike." Nilitokwa na machozi.

Mimi naanza na hii ya maneno yake. Baba Yetu inafuata, polepole. Nilimwuliza, "Mkate wa kila siku ni nini?" Akajibu: ugali wa udaga, ule wa muhogo.