Uzoefu Wangu na Barua za Posta za Kutafuta Wateja wa Ushuru Mjini Kisumu

Ofisi yangu ya uhasibu na uwakala wa ushuru iko Kisumu, karibu na Barabara ya Oginga Odinga, na kwa miaka mingi wateja wamefika kwa njia moja tu: mteja aliyeridhika humwelekeza jamaa au jirani yake. Njia hiyo ni njema, lakini huleta watu wa aina ile ile, na mimi nilitaka kuwafikia wenye nyumba za kupangisha pamoja na wauzaji wa jumla, ambao sheria za ushuru zimewabadilikia sana tangu mwaka wa 2023. Hivyo nilichukua huduma ya kampuni moja ya uchapishaji hapa mjini ambayo huchapa barua, huzikunja, hubandika anwani na kuzifikisha Posta, nami hulipa kwa kila bahasha. Nimeitumia kwa zaidi ya msimu mmoja wa ritani, yaani taarifa za mapato zinazopelekwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na ninaandika kwa ajili ya wahasibu wenzangu wanaojiuliza kama fedha hizo hurudi.

Hurudi, mradi barua izungumzie jambo moja, kwa watu wa kazi moja, ikiwa na tarehe moja ya kukumbuka. Nilijaribu barua za namna mbili kwa makusudi ili nilinganishe. Ya kwanza ilitaja kila tunachofanya: ritani za mwaka, VAT, mishahara, usajili wa kampuni, cheti cha ulipaji ushuru. Ya pili ilikuwa nusu ukurasa, na ilimhusu mwenye nyumba peke yake. Simu zilizotokana na ile ya kwanza zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za kuuliza bei kisha kukata. Ile ya pili iliwaleta watu ofisini, na walifika na karatasi zao mkononi.

Maneno ya barua hiyo yalikuwa haya, na simzuii mwenzangu kuyatumia: "Ikiwa kodi unayokusanya kwa nyumba za makazi inazidi shilingi 288,000 kwa mwaka na haizidi shilingi milioni 15, unatakiwa kulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi hiyo kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za ukarabati hazitolewi kwanza. Anayepokea shilingi 40,000 kwa mwezi hulipa shilingi 3,000." Chini yake kulikuwa na jina langu, nambari yangu ya uanachama wa ICPAK (taasisi ya wahasibu wa Kenya), nambari ya simu, na sahihi niliyoitia kwa mkono kwa wino wa buluu. Sahihi ya mkono huchosha vidole, lakini sikubali ichapwe na mashine, kwa sababu wazee wengi wa hapa huikagua kabla ya kusoma neno lolote.

Mmoja wa waliofika alikuwa mwalimu mstaafu mwenye vyumba vya kupangisha upande wa Mamboleo. Aliitoa barua kwenye mkoba wake ikiwa imekunjwa mara nne, na pembeni alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe kwa penseli: 52,000, kisha 3,900, kisha alama ya kuuliza.

"Karibu, Mwalimu, keti," nilimwambia.

"Asante, mwanangu. Barua hii nililetewa na kijana anayenikusanyia kodi. Hapa umeandika kila mwezi. Mimi hupeleka ritani mwezi wa Juni."

"Ya Juni ni ya mwaka mzima, Mwalimu, nayo itaendelea. Kodi ya nyumba ina ritani yake ya kila mwezi. Na hesabu yako ya penseli ni sahihi."

Alitaka kujua kiwango hicho kilitoka wapi, kwa kuwa mpwa wake alikuwa amemwambia ni asilimia 10. Nilimweleza kwamba mpwa wake hakumdanganya, maana asilimia 10 ndiyo iliyotozwa hadi mwisho wa mwaka wa 2023, na 7.5 ilianza Januari 2024. Tulifungua iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni wa kupelekea ritani, tukahakiki kwamba wajibu huo umeongezwa kwenye PIN yake, yaani nambari yake ya mlipa ushuru, tukaanza na mwezi uliokuwa mbele yetu kabla ya kugusa ya nyuma. Tangazo la redioni lisingemfikisha kwangu akiwa tayari amepiga hesabu. Ndiyo sababu naithamini karatasi: mtu huisoma kwa wakati wake, huiandika pembeni, humwonyesha mwanawe, kisha huja akijua anachotaka kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba mtindo huu ni wa Marekani na haufai kwetu. Ni kweli umeenea huko, na upo upande mmoja wa mtindo huo usiowezekana hapa. Marekani, mamlaka ya ushuru, IRS, inapoandikisha dai lake juu ya mali ya mdaiwa, notisi hiyo huingia katika kumbukumbu za umma, na wataalamu wa ushuru huzisoma na kuwaandikia wadaiwa kwa majina. Kwetu, kifungu cha 6 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 kinawataka maafisa watunze siri ya taarifa za mlipa ushuru. Kwa hiyo anayekuuzia orodha ya watu wanaodaiwa na KRA anakuuzia kitu asichopaswa kuwa nacho, na mhasibu mwenye heshima zake ataikataa. Sisi tunaanzia kwenye kazi ya mtu, wala hatuna njia ya kuanzia kwenye deni lake.

Anwani ndizo zilizonipa kazi kubwa kuliko uandishi wenyewe. Posta ya Kenya hupeleka barua kwenye masanduku, haizipeleki mlangoni, na huku magharibi familia nyingi hutumia sanduku la shule au la kanisa, ambako barua hukaa hadi mtu wa upande huo apitie. Kwa biashara hali ni tofauti. Risiti, hati za kupokelea bidhaa na mabango ya madukani huwa na S.L.P. na msimbo, iwe 40100 ya Kisumu, 50100 ya Kakamega au 50400 ya Busia, na hapo ndipo nilipokusanya anwani za wauzaji. Kwa wenye nyumba sikutaka kabisa kukusanya majina. Niliwapa mawakala wanaokusanya kodi bahasha zisizo na jina, wao wakawafikishia wateja wao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 pamoja na kanuni zake za 2021 inahesabu barua ya matangazo iliyotumwa kwa mtu kwa jina lake kuwa matumizi ya data kwa biashara, hivyo kila barua yangu yenye jina ina mstari wa mwisho unaomweleza mpokeaji jinsi ya kuniarifu kwa ujumbe mfupi asipotaka kuandikiwa tena. Wachache walifanya hivyo, na majina yao niliyafuta siku hiyo hiyo. Waliosajili nambari za simu kuwa anwani kupitia MPost ndio rahisi zaidi kuwafikia, kwa kuwa hupata ujumbe barua yao ikifika.

Barua ya wauzaji ilihusu eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya ushuru wa mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, na kwa sababu hiyo kampuni kubwa, shule na hoteli zilianza kuwakataa wauzaji wasiotoa ankara hizo. Niliandika sentensi ya kwanza hivi: "Je, kuna mteja wako mkubwa aliyekataa ankara yako mwaka huu?" Wauzaji wa vifaa vya ujenzi karibu na Kibuye waliipokea vizuri mno, na nina hakika ni kwa sababu swali hilo walikuwa wameshaulizana wao kwa wao. Barua iliyoleta watu kwa haraka kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ile ya msamaha wa riba na adhabu, ambapo aliyemaliza kulipa ushuru wenyewe wa miaka ya hadi 2023 kufikia tarehe 30 Juni 2025 alifutiwa nyongeza hizo. Dirisha hilo limefungwa, na barua hiyo haiwezi kutumika tena.

Sasa niiseme kampuni iliyonihudumia. Uchapaji wake ni safi, karatasi ni nzuri, na bei yake ni ya haki kwa kazi ya mikono wanayoifanya. Kasoro yao ilikuwa kwenye lebo: katika kundi moja, mistari ya orodha ilisogea, bahasha zikabandikwa jina la duka moja na sanduku la duka jingine, nami nilijua pale zilipoanza kurudi. Walichapa upya bila malipo, lakini wiki kadhaa za Mei zilikuwa zimepita, na kwa kazi yetu Mei ni mwezi wa thamani. Barua inayofika baada ya katikati ya Juni humkuta mtu akiwa tayari kwenye foleni ya saiberi, akitafuta wa kumfailia ritani kabla ya tarehe 30.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni pendekezo lao la bahasha. Walinishauri nitumie bahasha ya kaki yenye dirisha, iliyoandikwa kwa wino mwekundu "TAARIFA YA MWISHO", wakisema hakuna atakayeiacha bila kuifungua. Naamini hakuna ambaye angeiacha. Lakini mama mwenye vyumba vitano vya kupangisha akiipata atadhani ni KRA, moyo utamwenda mbio, na atakuja kwangu kwa sababu ya hofu niliyomtia mimi. Kanuni za maadili za taaluma yetu zinaruhusu matangazo mradi yawe ya kweli, yasiyotia chumvi na yasiyowadharau wenzetu, na hata kama zisingekuwapo nisingekubali. Nilichagua bahasha nyeupe yenye jina la ofisi yangu juu kushoto, ili kila anayeishika ajue imetoka wapi kabla ya kuifungua.

Kwa mwenye ofisi mpya asiye na akiba, nashauri aanze na kundi dogo la mtaa mmoja au soko moja, na asitarajie simu wiki ya kwanza. Wengi wa wateja wangu wa njia hii walifika muda mrefu baada ya kupokea barua, tarehe iliyoandikwa ilipokaribia. Anayetegemea ritani za watu wasio na mapato ya kutangaza, zile za bei ya chini, aachane na barua kabisa, kwa maana saiberi huzifanya kwa bei ambayo haifidii hata gharama ya stempu. Huduma yenyewe ninaipa nyota nne kati ya tano. Kundi lijalo limeshaagizwa kwa ajili ya Februari, likiwahusu wenye nyumba wa Kisumu na Kakamega, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba lebo nitazikagua mwenyewe kabla ya bahasha kuondoka kwao.