Spoila ya nyuma kwa gari la spoti la zamani: ipi ununue Nairobi, na ifungwe vipi

Ukishuka Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, ukauliza spoila ya Subaru Impreza ya zamani, utaletewa tatu kabla hujamaliza kutaja mwaka wa gari. Usiulize spoila. Uliza mfuniko mzima wa buti wenye spoila yake. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuelewane kuhusu kazi ya hicho kitu.

Hewa inayoteremka kutoka kwenye paa kupitia kioo cha nyuma huelekea kuinyanyua sehemu ya nyuma ya gari. Spoila, kile kimkia kinachokaa juu ya buti, huivuruga hewa hiyo ili mnyanyuo upungue. Bawa, lile refu lenye miguu, ni jambo jingine: hewa hupita juu yake na chini yake, nalo hulikandamiza gari barabarani, kinyume cha bawa la ndege. Nguvu hizi hukua kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 160, nguvu huwa mara nne. Sasa piga hesabu. Expressway mwisho wake ni 80, na kwenye barabara kuu gari dogo halitakiwi kuzidi 110. Ongeza kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, na hewa nyepesi hukandamiza kidogo. Kwa matumizi ya mjini, basi, unanunua urembo. Hakuna aibu, ila usikubali muuzaji akutoze bei ya sayansi.

Hata hivyo, kama gari lako lilitoka kiwandani na spoila, usiing'oe ukaliacha gari uchi. Audi TT ya kwanza iliuzwa bila spoila. Baada ya ajali za mwendo mkali kule Ujerumani, kampuni iliyaita magari hayo na kuyafunga spoila ndogo pamoja na mfumo wa kudhibiti utelezi. Hao wahandisi hawakuwa wanatafuta urembo.

Haya, kuanzia bora hadi nisichokishauri.

1. Mfuniko mzima wa buti, pamoja na spoila

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo Impreza ya umbo la GC, iliyotengenezwa kuanzia 1992 hadi 2000, haiji tena ikiwa nzima. Zilizopo ndizo hizi tunazopishana nazo. Vipuri vya mtumba kutoka Japani ndivyo vinavyoendelea kuingia, milango, boneti, nozikati (yaani mbele nzima ya gari iliyokatwa) na mifuniko ya buti. Mfuniko unaokuja na spoila yake una mashimo yaliyotobolewa kiwandani, yamepigwa rangi ndani, yana mipira yake, na mara nyingi hata waya wa taa ya tatu ya breki bado unaning'inia. Fundi anafungua bolti za bawaba, anatoa wako, anaweka huu. Hakuna drili inayogusa gari lako.

Kagua mambo machache. Geuza mfuniko utazame ukingo wa chini kwa ndani, pale bati linapokunjwa, kwa sababu maji hutuama hapo na kutu huanzia hapo. Hakikisha umbo ni lako kweli: mfuniko wa GC haukai kwenye GD iliyofuata, na wa saluni hauna habari na wa wagoni. Omba na zile fimbo za springi zinazoubeba mfuniko, maana magari yaliyotoka na spoila aghalabu huwa na springi kali zaidi. Bila hizo buti halitasimama wazi, litakushukia kichwani ukiwa unapakia viazi Wakulima. Hamisha kitasa chako cha zamani kwenye mfuniko mpya ili ufunguo mmoja uendelee kufungua kila kitu. Na usiuze mfuniko wa zamani. Siku ukitaka kulirudisha gari lilivyokuwa, labda kwa ajili ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse ambako gari lililo katika hali yake ya asili hupewa heshima, utashukuru uliuweka stoo.

Kasoro yake ni rangi. Utahitaji kuupiga rangi mfuniko wote, na ukiupata wenye rangi kama yako, usishangilie mapema: buluu iliyokaa miaka ishirini na kitu kwenye jua la Embakasi si buluu ileile iliyokaa chini ya kibanda Osaka. Namba ya rangi iliyo kwenye kibati chini ya boneti ni mwanzo tu. Fundi mzuri ataichanganya rangi, ajaribu kwenye kipande cha bati, akiweke kando ya gari lako nje juani, kisha arekebishe.

2. Spoila asili, peke yake

Ni ileile ya kiwandani ila imeng'olewa. Nafuu kuliko mfuniko, na umbo lake hukaa sawa bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba sasa utatoboa. Kabla hujalipa, zungusha kwa mkono kila nati iliyozamishwa ndani ya plastiki kwenye miguu. Ikizunguka pamoja na kifuko chake, imeshavunjika ndani, na hiyo spoila itakuja kucheza kila unapovuka tuta. Tazama nyufa karibu na miguu. Kama ina taa, iwashe papo hapo kwa betri ya volti 12. Ikiwa ni ya LED na haiwaki, badilishanisha nyaya kabla ya kuikataa, kwani LED inajali chanya na hasi. Dai risiti, tafadhali. Vipuri vya magari mjini hapa vina historia ndefu, na hutaki kuingia kwenye historia ya mtu mwingine.

Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally ya 1997 kwa Impreza ya buluu, kuna watu hapa wasioamini kwamba Subaru isiyo na mkia ni Subaru. Ndiyo maana zile spoila ndefu za STI, Subaru za kasi, hugombaniwa. Kwenye gari lisilo na turbo mimi huona zinachekesha kidogo, lakini gari ni lako.

3. Lipu ya plastiki ya ABS

Kamkia kafupi ka kubandika kwenye ukingo wa buti kwa tepu ya pande mbili. Kwa Toyota Altezza au Mazda RX-8 inapendeza, haizibi kioo, haitoboi kitu. Kama hutaki makuu, ishia hapa.

4. Faiba ya mafundi wetu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo fundi mzuri anaweza kukufanyia kitu ambacho Japani imeacha kutengeneza. Nunua ikiwa haijapigwa rangi, kwa sababu rangi na pati, ule unga wa kuziba mabonde, huficha dhambi. Igeuze. Ukiona nyuzi nyeupe zilizokauka kwa ndani, gundi haikutosha na itapasuka. Igonge kwa kifundo cha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sauti ikibadilika ghafla, pana pengo katikati ya tabaka. Kisha ilaze juu ya buti lako bila kuishikilia. Sarafu ya shilingi kumi ikipita kwa urahisi chini ya ukingo wake, mwachie fundi aendelee kuichonga. Usikubali akuambie bolti zitaivuta ikae. Zitaivuta, ndiyo, na ufa utafuata.

Kumbuka pia kwamba kuisawazisha kwa msasa, praima na rangi kunaweza kugharimu kuliko spoila yenyewe.

5. Kaboni

Nyingi zinazouzwa kwa bei inayovumilika ni faiba iliyovikwa tabaka moja la kaboni. Jua letu huigeuza vanishi yake kuwa ya manjano. Nairuka.

6. Bawa la alumini la miguu mirefu

Bati la buti ni jembamba, halikuumbwa kubeba mzigo wa sehemu mbili ndogo. Litabonyea na kupasuka kwenye miguu. Zaidi ya hapo, ukiikandamiza nyuma peke yake, mbele huwa nyepesi, hasa kwenye mwendo ambao bawa hilo linaanza kufanya kazi. Labda uwe unakimbia kwenye saketi ya mashindano na umeshashughulikia mbele.

Kufunga

Jaribu kwanza ikiwa kavu, kabla ya rangi. Fundi anayejua kazi hubandika tepu ya karatasi kwenye buti lote, anapima katikati kutoka pande zote mbili, anachora kwa penseli, halafu anarudi nyuma hatua kadhaa na kutazama kwa jicho moja. Anayeanza na drili, mwondolee gari.

Shimo lianze na biti ndogo ya milimita 3, kisha liongezwe. Kingo zisuguliwe, zipakwe praima ya kuzuia kutu, zikauke. Chini ya kila mguu pakae mpira, na kwa ndani pete pana ya chuma (washa) ili bati lisibonyee. Bolti zikazwe kwa mkono. Mashine ya hewa inavunja plastiki. Halafu jaza ndoo, mwaga maji juu taratibu, fungua buti na utazame kwa tochi chini ya zulia, pale penye spea. Mvua ya Aprili isiwe ndiyo inayokufanyia jaribio hilo.

Ya tepu nayo: safisha kwa spiriti, na fanya kazi saa sita mchana, hasa Julai, kwa sababu asubuhi ya baridi tepu haishiki vizuri. Nguvu yake kamili huja baada ya kama saa 72. Ndani ya siku hizo usipite karibu na kawoshi yenye mashine ya presha.

Kama mfuniko ulikuwa na taa ya tatu ya breki na spoila imeiziba, hamishia taa hiyo kwenye spoila. Arifu kampuni yako ya bima kwamba umeongeza kitu. Baada ya wiki moja ya matuta, kaza bolti tena. Na waambie wote wanaopanda gari hilo, vijana wa kawoshi wakiwemo, kwamba buti hufungwa kwa kusukuma bati, si kwa kuvuta spoila.