Flashi moja ilivyonihamishia Linux Mint

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na processa ya laptopu yangu ni kongwe mno kwa Windows 11. Mashine yenyewe haikuwa na ubovu wowote. Kuitupa kuliniuma, nikaamua kujaribu Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows.

Ni ya bure, ndiyo, lakini kilichonivuta hasa ni kwamba unaijaribu kabla ya kuisakinisha. Nilipakua faili lake, karibu GB 3, nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya kazi hiyo, nikawasha laptopu huku nikibonyeza F12 (nyingine hutumia F9 au Esc). Mfumo mzima ukafunguka kutoka kwenye flashi, diski yangu haijaguswa. Jioni nzima nilikagua sauti, kamera, printa. Vyote vikaitika, isipokuwa waifai. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nami nakuomba usikate! Nilichomeka simu kwa waya wa USB ili laptopu itumie intaneti yake, nikafungua sehemu ya viendeshi (programu ndogo zinazowezesha vifaa kama waifai kufanya kazi), kilichokosekana kikapatikana humo humo.

Kusakinisha kulichukua kama nusu saa. Nakili picha na hati zako zote kwenye diski ya nje kwanza, maana ukishakubali diski ifutwe, basi.

Firefox ya kuvinjari intaneti na LibreOffice ya kuandikia hati huja pamoja na Mint. Hati za Word zinafunguka, ila zenye majedwali magumu hupanguka mpangilio. Kama riziki yako iko kwenye Photoshop, ambayo haina toleo la Linux, usiifute Windows; mifumo yote miwili hukaa kwenye diski moja.

Ninachokithamini zaidi ni Timeshift, programu ya Mint inayohifadhi hali ya mfumo ulivyo. Siku moja baada ya sasisho sauti ilipotea, nikarudisha hali ya jana yake, nikaendelea na kazi. Ile skrini nyeusi ya kuandika amri, inayotisha watu, nimeifungua mara mbili tu.

Flashi ile sijaifuta. Dada yangu aliiazima wiki iliyopita. Ameirudisha bado yuko kwenye mfumo wake wa zamani, lakini printa yake ilichapa, na jana ameniuliza diski ya nje ya kuhifadhia picha iwe ya ukubwa gani.